Kompresa ya gari la haibridi ipimwe kabla ya kuhukumiwa

MAGARI yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, maarufu kama haibridi, si kitu cha ajabu tena katika barabara za Afrika Mashariki. Toyota Prius, Toyota Aqua, Honda Fit na mengine ya aina hiyo hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yameshatumika Japani. Baada ya muda mfupi huonekana yakifanya kazi ya teksi mijini, yakisambaza bidhaa madukani na hata yakifuata mazao vijijini.

Wanaoyanunua wana hesabu moja kubwa, nayo ni kupunguza gharama za mafuta. Wapo wafanyabiashara wadogo walioweka mtaji wao wote katika gari moja, na wapo wakulima waliochukua fedha za mavuno wakanunua teksi ili iwaingizie kipato msimu wa mashamba unapokuwa mkavu.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini iko sehemu moja ya magari hayo inayoweza kuivuruga kwa siku moja. Sehemu hiyo ni kompresa ya kiyoyozi, na mara nyingi kinachoifanya iwe ghali ni namna ugonjwa wake unavyotafutwa gereji.

Katika gari la kawaida, kompresa huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Injini ikizimwa, kiyoyozi nacho husimama. Katika haibridi, injini ya petroli hujizima yenyewe gari linaposimama kwenye taa au foleni, hivyo mkanda usingefaa. Ndiyo maana Toyota ilipotoa Prius ya kizazi cha pili mwaka 2003 iliweka kompresa yenye mota yake ya umeme ndani, inayolishwa na betri kubwa ya gari badala ya ile ndogo ya volti 12.

Betri kubwa ya Prius hiyo ina volti 201.6. Ya Toyota Aqua, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011, ina volti 144. Nissan Leaf, gari la umeme mtupu lililoanza kuuzwa mwaka 2010, lina betri ya volti zipatazo 360. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Kwa hiyo fundi anayefungua kompresa ya Prius anashughulika na umeme unaokaribiana na ule wa ukutani, na anayefungua ya Leaf anashughulika na mkubwa zaidi. Tena huo ni umeme wa mkondo mnyoofu, na unaweza kuua.

Pamoja na tofauti hiyo kubwa, katika gereji nyingi za mitaani kompresa hii bado hushughulikiwa kama ile ya mkanda. Gari likiletwa kwamba halipozi, fundi hufunga geji na kuongeza gesi pamoja na oili kidogo ya kopo lililopo. Likikataa kupoza, mwenye gari huambiwa kompresa imekufa, atafute nyingine.

Hukumu hiyo hutolewa bila kupima, na ile oili kidogo ndiyo mara nyingine huwa chanzo cha ugonjwa mkubwa kuliko ule ulioileta gari gereji.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kompresa ya mkanda haina mota ya umeme ndani. Oili yake, ambayo kwa kawaida ni ya aina ya PAG, kazi yake ni kulainisha tu. Lakini katika kompresa ya umeme, koili za mota zimo ndani ya gamba lilelile linalopita gesi na oili. Koili huogeshwa na oili hiyo muda wote, kwa hiyo ni lazima iwe oili isiyopitisha umeme kirahisi. Watengenezaji wa kompresa nyingi za namna hii wamechagua oili ya aina ya POE. Kwa kompresa za Denso zilizomo katika haibridi za Toyota zinazotumia gesi ya R134a, oili hiyo huitwa ND-11.

PAG ikichanganyika humo, uwezo wa kuzuia umeme usivuje hushuka. Wala haihitajiki chupa nzima. Mabaki yaliyomo katika mipira ya mashine ya gesi, yaliyotoka katika gari lililohudumiwa asubuhi, yanatosha kuleta matatizo. Ndiyo sababu kiwango cha SAE J2788 cha Marekani, kinachohusu mashine za kunyonya na kujaza gesi, kiliweka ukomo wa oili inayoweza kuachwa kwa bahati mbaya kuwa asilimia 0.1 tu.

Unyevu nao ni adui. Oili ya POE hunyonya maji yaliyomo hewani kwa kasi, hasa katika miji ya pwani yenye hewa nzito. Kopo lililofunguliwa wiki iliyopita na kuachwa rafuni halifai tena kuwekwa katika kompresa ya umeme, na mfumo uliofunguliwa ukajazwa gesi bila kunyonywa hewa kwa pampu hubaki na maji ndani.

Matokeo ya uvujaji wa umeme hayaishii kwenye joto ndani ya gari. Kompyuta ya haibridi huangalia wakati wote kama umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi. Ikigundua hivyo, huwasha taa za hatari na kuandika namba ya hitilafu. Katika Toyota namba hiyo ni P0AA6. Gari likizimwa, linaweza kukataa kuwaka tena.

Hapo ndipo hasara ya mfanyabiashara mdogo inapoanza. Mfano ni mchuuzi aliyepakia matenga ya nyanya Ilula, mkoani Iringa, akielekea Dar es Salaam. Amesimama Morogoro kunywa chai, na gari halitaki kuwaka. Nyanya hazisubiri fundi. Hasara hiyo inaweza kuwa imeanzia kwenye gesi iliyojazwa wiki mbili kabla kwa bei ya kutupa.

Kosa la pili hufuata papo hapo na ni ghali kuliko la kwanza. Mashine nyingi ndogo za kusomea gari zinapoonyesha P0AA6, maelezo yake ya Kiingereza hutaja betri ya haibridi. Fundi akiliona neno betri, hutangaza kuwa betri kubwa imekufa. Mwenye gari hukopa, hununua betri nyingine, na ikishafungwa namba ileile hurudi.

Ukweli ni kwamba P0AA6 haisemi betri imekufa. Inasema kuna mahali umeme mkubwa unavuja. Mahali penyewe huelezwa na namba ndogo ya tarakimu tatu ambayo mashine zenye uwezo wa kusoma Toyota kwa undani huionyesha. Namba 611 huelekeza upande wa kompresa ya kiyoyozi, 612 upande wa betri, 613 upande wa giaboksi yenye mota, na 614 upande wa nyaya na inveta. Namba 526 ikiwa peke yake, maana yake kompyuta imeona uvujaji lakini bado haijatambua unatoka wapi.

Tarakimu hizo tatu ndizo zinazoamua kama mwenye gari atatafuta kompresa, betri au waya tu. Fundi anayefuta hitilafu kabla ya kuziandika anafuta ushahidi ambao ungeokoa fedha za mteja wake.

Aidha, si kila haibridi isiyopoza ina kompresa mbovu. Kompyuta huizuia kompresa isifanye kazi kwa sababu nyingi ambazo tiba yake ni nafuu. Gesi ikipungua, sensa ya presha hutoa taarifa na kompresa husimamishwa. Kondensa ikizibwa na vumbi na majani, au feni ikikataa kuzunguka, presha hupanda kupita kiasi na kompresa husimamishwa vilevile. Fyuzi iliyoungua, sensa iliyokufa, waya wa mawasiliano uliotafunwa na panya au betri kubwa iliyoshuka chaji vyote huweza kuleta dalili hiyohiyo.

Kwa hiyo uchunguzi una mpangilio wake. Kwanza kompyuta zote za gari zisomwe na namba zote ziandikwe, pamoja na zile ndogo. Kisha yaangaliwe mambo ya nafuu, yaani feni, kondensa, fyuzi, kichujio cha hewa ya ndani na kiasi cha gesi. Kiasi hicho hakikisiwi kwa geji peke yake. Gesi yote inyonywe na ipimwe kwa mizani, kisha irudishwe kwa gramu zilizoandikwa katika kibandiko kilichopo chini ya boneti.

Kama mambo hayo ni sawa na dalili zinaelekeza kwenye umeme mkubwa, hapo kazi inabadilika na kuwa ya fundi aliyesomea peke yake. Gari lizimwe na ufunguo uwekwe mbali. Betri ya volti 12 ifunguliwe, kisha plagi ya usalama ya betri kubwa itolewe na fundi akae nayo mfukoni ili mwingine asiirudishe. Fundi avae glovu za mpira za daraja 0, ambazo zimetengenezwa kwa kazi ya hadi volti 1,000, akishazikagua kama hazina tundu. Glovu za kuoshea vyombo hazihesabiwi.

Baada ya hapo asubiri. Ndani ya inveta mna kapasita zinazobaki na umeme hata plagi ikishatolewa. Toyota huelekeza kusubiri angalau dakika 10, na hata zikipita fundi hupima kwanza kuhakikisha kuwa volti zimeshuka hadi karibu na sifuri kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa. Rangi hiyo iliwekwa makusudi kuwa onyo.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachotoa hukumu, na ndicho kinachokosekana katika gereji nyingi. Ni kipimo cha uhami wa umeme, ambacho mafundi wa majumbani na viwandani hukiita mega. Hupeleka umeme wa majaribio, kwa kawaida wa volti 500, kati ya ncha za kompresa na gamba lake, kisha huonyesha ukinzani uliopo. Kompresa nzima husoma kwa mamilioni ya omu. Iliyoanza kuvuja hushuka, na iliyokufa hukaribia sifuri.

Testa ya kawaida haiwezi kufanya kazi hiyo. Yenyewe hupima kwa volti chache tu, na uvujaji mwingi hauonekani mpaka umeme mkubwa uguse. Fundi anayeweka testa na kusema kompresa ni nzima anaweza kuwa anasema kweli kwa volti 3 na uongo kwa volti 200. Naye anayebeba mega lazima afuate kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu kuanzia Prius ya kizazi cha tatu ya mwaka 2009 inveta ya kompresa imejengwa ndani ya kompresa yenyewe, na vifaa vyake vya kielektroniki huweza kuunguzwa na kipimo kilichowekwa mahali pasipostahili.

Viwango vya Umoja wa Mataifa, katika Kanuni namba 100, vinataka saketi ya mkondo mnyoofu iwe na ukinzani usiopungua omu 100 kwa kila volti, na ile ya mkondo geu omu 500 kwa kila volti. Hicho ni kiwango cha chini cha usalama wa gari zima. Kompresa peke yake, ikiwa imechomolewa, hutakiwa kusoma juu zaidi ya hapo, kwa kiasi kinachotajwa na mtengenezaji.

Hata kipimo kikisoma chini, hukumu isitolewe kwa pupa. Gesi iliyogeuka kuwa maji maji ikakusanyika ndani ya kompresa huweza kushusha kipimo. Gesi inyonywe, mfumo uvutwe hewa, kisha ipimwe tena. Vilevile waya wa chungwa upimwe peke yake, maana maji yaliyoingia kwenye plagi au kutu ya hewa ya bahari huvujisha umeme huku kompresa ikiwa haina hatia.

Kompresa ikithibitika kuwa imekufa, kazi bado haijaisha. Kama iliuawa na oili isiyo yake, oili hiyo imebaki pia katika kondensa, evapoleta na mabomba. Ikifungwa kompresa mpya katika mfumo mchafu, nayo itaogeshwa na sumu ileile. Ama mfumo usafishwe kwa njia anayoikubali mtengenezaji, au sehemu zilizochafuka zibadilishwe. Mwenye gari aambiwe hivyo mapema ajue gharama nzima.

Wanaonunua kompresa za mtumba nao wawe waangalifu. Iliyokaa rafuni midomo yake ikiwa wazi imeshanyonya unyevu. Muuzaji mwaminifu huiziba mara inapotoka kwenye gari, huandika imetoka kwenye gari gani, na hakatai ipimwe kwa mega mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Wapo wanaosema jambo hili ni la anasa, kwamba asiye na kiyoyozi afungue vioo. Kwa gari la kawaida hoja hiyo ina uzito. Kwa haibridi za Toyota kama Prius na Aqua haina, kwa sababu betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Ndani kukiwa na joto la Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana, betri huvuta joto hilo, na joto hufupisha maisha yake. Tundu hilo likizibwa na vumbi au mzigo, hali huwa mbaya zaidi. Katika magari kadhaa ya umeme mtupu, kompresa hiyo hutumika pia kupoza betri moja kwa moja.

Hivyo anayeacha kiyoyozi kibovu kwa kuokoa fedha kidogo anaweza kuwa anaipunguzia umri sehemu iliyo ghali kuliko zote katika gari lake.

Nini kifanyike? Wenye magari waanze na maswali kabla ya kutoa ufunguo. Je, fundi ana mashine inayosoma namba ndogo za Toyota? Anatumia oili gani, na kopo lilifunguliwa lini? Mashine yake ya gesi imesafishwa baada ya gari lililopita? Ana mega na glovu? Fundi mwenye majibu hatakasirika kuulizwa. Asiye nayo afadhali aambie ukweli na kumwelekeza mteja kwa mwenzake.

Kwa mafundi, huu ni mlango wa biashara. Mega, glovu na mashine nzuri ya kusomea ni mzigo kwa mtu mmoja, lakini si kwa mafundi watano wa eneo moja walio katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wanaweza kuvinunua kwa pamoja na kutoza ada ya kupima. Wateja nao wajifunze kulipia kipimo. Kumlipa fundi kwa kubadili spea tu na kukataa kumlipa kwa kupima ni kumfundisha abadili spea hata pasipohitajika.

Wauzaji wa gesi na oili wana wajibu wao pia. Kopo lisilo na jina la aina ya oili lisiuzwe kwa ajili ya haibridi, na muuzaji asiyejua tofauti ya PAG na POE aulize kabla ya kushauri. Dawa za kuziba matobo ya gesi zisiwekwe katika mifumo hii kwa kubahatisha.

VETA nchini Tanzania, pamoja na vyuo vya ufundi vya Kenya na Uganda, vina nafasi ya kuwafikia mafundi ambao tayari wako kazini kwa kozi fupi za jioni au za mwisho wa wiki, kwa Kiswahili, zikihusu usalama wa umeme mkubwa na upimaji wake. Fundi mwenye familia hawezi kufunga gereji mwaka mzima akasome, lakini siku chache anaweza.

Hatari hapa ni ya pande mbili. Upo mtaji wa mwenye gari, na yapo maisha ya kijana anayeingiza mkono penye waya wa chungwa akidhani ni kompresa kama zile alizozizoea. Mwenye gari anayemharakisha kijana huyo amalize kazi bila kusubiri zile dakika 10 ana sehemu yake ya lawama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika haibridi, ufa ni uvujaji mdogo unaoonekana kwa kipimo cha dakika chache, na ukuta ni kompresa, betri na msimu mzima wa mauzo. Magari haya yatazidi kuongezeka, na faida yake ya mafuta itabaki kwa wale tu watakaokubali kupima kwanza.